Mafuta ya anisi nyota yameganda chupani: je, nimeuziwa yaliyochakachuliwa?

Mpika_Sabuni: Habari zenu wanajukwaa. Nilinunua mililita 50 za mafuta ya anisi nyota, kile kiungo cha pembe nane ambacho wengine hukitia kwenye pilau, kwa ajili ya sabuni ninazotengeneza hapa Njombe. Leo asubuhi, kwa baridi hii ya Julai, nimekuta nusu ya chupa imeganda ikawa nyeupe kama mafuta ya nazi. Je, yamechakachuliwa? Pia jirani yangu ameniomba matone machache ya kumpa mwanawe mchanga anayesumbuliwa na gesi tumboni.

Mzee_wa_Karafuu: Ndugu yangu, mimi ningetia shaka zaidi kama yasingeganda. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa kawaida zaidi ya asilimia 80, ni kemikali iitwayo anetholi, ambayo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 21 hivi, kwa hiyo baridi ya Njombe inatosha kabisa kuyagandisha. Iweke chupa, ikiwa imefungwa, katika maji ya uvuguvugu hadi yote yayeyuke, kisha itikise kabla ya kumimina. Ukimimina yale majimaji peke yake, anetholi nyingi, ambayo ndiyo harufu uliyoilipia, itabaki chupani. Ila kuganda si uthibitisho kamili, maana anetholi ya kiwandani nayo huganda vivyo hivyo.

Bi_Mfamasia: Naongezea kuhusu mtoto: asipewe hata tone moja. Anisi nyota halisi, ya kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, ina ndugu yake wa Japani mwenye sumu iitwayo anisatini, na matunda yao yakishakauka ni vigumu kuyatofautisha kwa macho. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu kudhurika, wakiwemo watoto wachanga, kwa chai ya anisi nyota. Baadhi yao walipatwa na degedege. Hiyo ilikuwa chai tu, sembuse mafuta, ambayo kilo nzima ya matunda makavu hutoa chini ya gramu 100! Wala usimsikilize anayeyauza kama kinga ya mafua: asidi ya shikimi, iliyotumika kutengenezea dawa ya mafua iitwayo Tamiflu, hubaki kwenye tunda wakati mafuta yanapokenekwa kwa mvuke.

Mpika_Sabuni: Nashukuruni sana. Yameyeyuka yote ndani ya robo saa, na harufu imerudi kali kama siku ya kwanza. Jirani nimemshauri ampeleke mtoto kliniki.