Naombeni ushauri: jirani yuko tayari kupokea majitaka yetu, ila anataka na kauli kwenye mpango wetu wa ardhi

Chemba_ya_Mpakani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nawaomba wenye uzoefu wa mikataba ya majitaka kati ya halmashauri na halmashauri mnisaidie.

Mimi ni diwani wa mji mdogo, nimewekwa kwenye kamati ya majadiliano. Mabwawa yetu ya majitaka yamezidiwa na eneo la kuchimba mengine hatuna. Mji jirani, mkubwa kuliko wetu, una mtambo wenye nafasi. Wazo ni kusukuma majitaka yetu kwa pampu hadi kwenye chemba yao ya mpakani, wao wasafishe, sisi tulipe. Bei waliyoanza nayo inavumilika. Kinachoninyima usingizi ni kifungu hiki cha rasimu yao:

"Mabadiliko yoyote ya mpango wa matumizi ya ardhi ndani ya eneo la huduma hayatatekelezwa bila idhini ya maandishi ya Mpokeaji."

Yaani tukitaka kugeuza kiwanja cha makazi kiwe cha biashara, kwanza twende kwa jirani kupiga hodi. Mwanasheria wetu anasema ni lugha ya kawaida, tusaini. Mkurugenzi naye anataka tumalize kabla ya mvua maana mabwawa yatafurika tena. Je, ni kweli ni kawaida? Na kama tunakikataa, tuwape nini mkononi ili wasiondoke mezani?

Fundi Mita

Mkuu, usisaini hicho. Wana haki ya kujali vitu vitatu tu: ujazo unaofika kwao, kilele chake (yaani mtiririko wa juu kabisa), na uchafu uliomo. Mkijenga ghorofa au mkipanda miti, haliwahusu mpaka namba zibadilike pale mpakani. Kwa hiyo majadiliano yenu yote yavuteni kwenye mita.

Ila jiulizeni jambo moja kabla hamjaenda kujisifu na mita. Mvua ikinyesha, ujazo wenu unapanda kiasi gani? Wengi huweka wastani wa kiangazi kwenye mkataba, halafu mvua ya kwanza tu wanakuta wamevuka kiwango na faini inahesabika. Kilele kufika mara mbili hadi nne ya wastani ni jambo la kawaida kwenye mitandao ya majitaka, na mabomba yakiwa mabovu inazidi hapo.

Mama Ramani

Diwani, mimi ni mpangaji miji kwa taaluma, naomba niseme lisilosemwa: hata mkikifuta hicho kifungu, bado mwenye mtambo atakuwa na mkono kwenye ardhi yenu. Mpangaji anaweza kupaka eneo rangi ya makazi ya msongamano mkubwa, lakini pasipo na nafasi kwenye bomba, hiyo rangi inabaki kwenye karatasi. Ukikubali mita za ujazo 2,000 kwa siku, umeshakubali ukubwa wa mji wako kwa miaka yote ya mkataba. Kwa hiyo namba ya ujazo uliotengwa ni uamuzi wa ardhi. Isiachiwe wahandisi peke yao, ipite kwenye kamati ya mipango miji.

Kuhusu "lugha ya kawaida": mwenye mtambo kutumia majitaka kama kamba ya kuvutia ardhi si jambo geni, lakini kuwepo kwake hakukufanyi ulazimike kukubali. Kuna kesi mashuhuri ya Marekani, Town of Hallie dhidi ya City of Eau Claire, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1985. Jiji la Eau Claire, jimbo la Wisconsin, lilikuwa na mtambo pekee katika eneo lile. Likakataa kusafisha majitaka ya vitongoji jirani, isipokuwa wenye ardhi wapige kura eneo lao liingizwe ndani ya mipaka ya jiji. Vitongoji vikashitaki kwa sheria ya ushindani wa kibiashara. Majaji wote wakakubaliana kwamba jiji lilikuwa linafuata sera ya jimbo, hivyo sheria hiyo hailigusi. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini msiende mezani mkiwa na akiba ya "tutakutana mahakamani". Kinga yenu ni maneno ya mkataba, na yaandikwe sasa, mabwawa yakiwa bado hayajapasuka kingo.

Upande_wa_Pili

Ngoja niwasemee wanaopokea, maana naona tunageuzwa majoka humu.

Nafanya kazi kwenye mtambo unaopokea kutoka halmashauri nyingine. Tulisaini mkataba mzuri wa ujazo, hakuna aliyegusa ardhi ya mtu. Baadaye wale wenzetu wakaruhusu kiwanda cha ngozi kwenye eneo lililokuwa la maghala. Ujazo haukuongezeka hata kidogo. Siku moja tukakuta mabwawa ya kuingiza hewa yana povu la rangi ya chai, bakteria wanaosafisha majitaka wamekufa, na maji tunayomwaga mtoni yamevuka kiwango cha uchafu. Mdhibiti alimtoza faini nani? Sisi. Kibali cha kumwaga mtoni kina jina letu. Mwenye kiwanda hatukuwa na mamlaka hata ya kumgongea geti.

Ndiyo maana mwanasheria wa mpokeaji anaandika kifungu kipana namna hiyo. Si kwamba anataka kuwapangia maduka, ni kwamba hajapewa chombo kingine. Mpeni chombo kingine, ataachia.

Kijana_wa_Kata

Jengeni mtambo wenu wenyewe bwana, utumwa wa nini.

Fundi Mita

@Kijana_wa_Kata ameshasema eneo hawana. Soma uzi kwanza.

Chemba_ya_Mpakani

Asanteni sana. Mama Ramani, umenifungua macho kuhusu ile namba ya ujazo, ilikuwa imekaa kwenye kiambatisho cha mwisho na hakuna diwani aliyeisoma. Nimeuliza leo: siku ya mvua kubwa pampu zetu zinasukuma karibu mara tatu ya siku ya kawaida. Na bomba la kwenda kwao ni refu, linapita kwenye ardhi ya kilimo ya kijiji cha katikati ambacho hakimo kwenye mkataba.

Ndugu yangu Upande_wa_Pili, bila uficho: mngepewa nini mwaachie hicho kifungu?

Upande_wa_Pili

Swali zuri, diwani. Kama ningekuwa mimi mezani, ningetaka haya, kwa uzito huu.

La kwanza na kubwa ni viwanda. Kiwanda chochote kinachotaka kuunganishwa kiombe kibali cha kumwaga majitaka, mbali na kibali cha ujenzi, na mimi niwe na sahihi kwenye hicho cha kumwaga. Viwango viandikwe: metali nzito, mafuta, tindikali, joto. Niruhusiwe kuchukua sampuli kwenye chemba ya kiwanda na si mpakani tu, maana mpakani kila kitu kimeshachanganyika. Mkinipa hilo, makazi na maduka yenu pangeni mnavyotaka.

La pili, ramani ya eneo la huduma iambatishwe, na msiunganishe mtu nje ya mstari bila makubaliano mapya. La tatu, mkifika kama asilimia 85 ya ujazo mliotengewa, tukae tuzungumze upanuzi, na mkifika 95 msimamishe maunganisho mapya. Wenyewe msimamishe, si sisi. Hapo mamlaka yenu ya upangaji yanabaki kwenu na mimi nalala.

Mama Ramani

Hilo la "wenyewe msimamishe" naliunga mkono kwa mikono miwili. Na mabadiliko ya mpango wa ardhi mnaweza kuahidi kuwataarifu, tuseme siku 60 kabla ya baraza kuamua, na wao wakatoa maoni. Maoni yanasikilizwa, kura inabaki ya baraza lenu.

Sasa geuzeni meza, maana naona mnajadili ardhi yenu tu. Na ya kwao je? Mtambo wao ukijaa mwaka wa kumi na tano, upanuzi utahitaji kibali cha ardhi cha baraza lao wenyewe. Wakazi wa jirani na mtambo wakigoma, baraza likainama, nyie mnakwama na mkataba mkononi. King County, jimbo la Washington, waliamua kujenga mtambo wa Brightwater ndani ya kaunti ya jirani, Snohomish. Ukazuka mvutano mrefu wa vibali vya ardhi na fidia kabla ya mtambo kuanza kazi mwaka 2011. Na hiyo ni jimbo ambalo sheria yake inakataza mipango ya ardhi ya maeneo kuzuia kabisa huduma muhimu kama mitambo ya majitaka. Kama kwenu hakuna sheria ya namna hiyo, wawekeeni wajibu: watenge eneo la upanuzi kwenye mpango wao wa ardhi na wasilibadilishe matumizi muda wote wa mkataba. Wakishaona nao wanaombwa kufungwa mikono kwenye ardhi yao, mtashangaa kile kifungu chao kitakavyolainika.

Fundi Mita

Hilo la bomba refu limenishtua, diwani. Majitaka yakikaa muda mrefu ndani ya bomba la msukumo yanakosa hewa, bakteria wanatengeneza haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai viza. Yakitoka kwenye chemba ya mpakani gesi inapanda, inakutana na ukuta wenye unyevu, bakteria wengine wanaigeuza tindikali ya salfa. Nimeshafungua mfuniko wa chemba ya aina hiyo: zege la juu ya usawa wa maji ukiligusa kwa bisibisi linabaki kwenye bisibisi, nondo ziko nje. Chini ya maji ukuta mzima kabisa. Na gesi hiyo inaua, mtu asiingie humo bila kipimo cha hewa.

Kimkataba: nani anatibu harufu, kwa dawa au kwa kuingiza hewa, na chemba ikilika nani anaijenga upya? Rasimu nyingi ziko kimya hapo. Mkinyamaza, bili inakuja kwenu.

Kuhusu hela, gawanyeni mara mbili. Gharama ya kujenga na kupanua mlipe kwa ujazo mliotengewa, pamoja na kilele. Gharama ya kuendesha mlipe kwa kilichopita kwenye mita na uzito wa uchafu wake. Wakiviweka kwenye bei moja kwa kila mita ya ujazo hamtajua mnalipia nini, na mkirekebisha mabomba kupunguza maji ya mvua hamtaona nafuu yake vizuri. Kwenye mara tatu yenu, kurekebisha mabomba na kuzuia maji ya mvua ya mapaa yasiingie kwenye chemba huenda kukawa nafuu kuliko kununua nafasi ya kilele.

Msoma_Mto

Kuna mtu hajauliza: hayo maji yenu yakishasafishwa yanarudi mto gani? Kama mtambo uko bonde jingine, mnahamisha maji. Mabwawa yenu leo yanamwaga kwenye kijito, na walio chini wanakitegemea kiangazi. Angalieni Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada. Kule majitaka yanatolewa nje ya bonde makusudi ili kulinda ziwa, na upande wa kusini yanasukumwa, yakiwa yamesafishwa, kuvuka milima hadi Alpine County, ambako yanamwagilia mashamba ya wafugaji. Yaani mpokeaji naye anafaidika na maji. Nyie mnatoa maji na pesa juu. Ombeni haki ya kudai maji yaliyosafishwa, hata sehemu tu.

Mama Ramani

Na kile kijiji cha katikati, diwani. Bomba likishapita, wenye mashamba wataomba kuunganishwa, na viwanja vitaanza kukatwa kabla mpango haujabadilika. Andikeni kwamba kipande hicho ni bomba la kupitisha tu, hakuna maunganisho, isipokuwa kijiji chenyewe kiingie kwenye mkataba kwa ridhaa yake. Ardhi yao isiamuliwe na nyie wawili.

Chemba_ya_Mpakani

Nimekaa na mwanasheria jana usiku, tumeandika hivi, nipigieni msasa:

"Mtoaji anabaki na mamlaka kamili ya upangaji ndani ya mipaka yake. Mtoaji atamtaarifu Mpokeaji siku 60 kabla ya kuamua badiliko lolote la mpango wa ardhi ndani ya eneo la huduma, na atayazingatia maoni yake. Kiwanda hakitaunganishwa bila kibali cha kumwaga majitaka kilichosainiwa na pande zote mbili. Ujazo ukifika asilimia 95 ya uliotengwa, Mtoaji atasimamisha maunganisho mapya. Mpokeaji atalinda eneo la upanuzi wa mtambo kwa muda wote wa mkataba."

Mkurugenzi bado ana haraka.

Upande_wa_Pili

Ningekuwa wao ningekubali, ila ningebishana na asilimia. Pungufu moja: hamjasema asilimia 95 ya nini, wastani wa mwezi au kilele cha siku? Kwa mara tatu yenu, mvua moja inawafungia ujenzi wa mji mzima. Wekeni wastani wa miezi mitatu ya kiangazi kwa maunganisho, na kilele kiwe na kifungu chake na ratiba ya kurekebisha mabomba. Mita isomwe na pande zote mbili na ihakikiwe kila mwaka na mtu wa nje.

Na kuhusu haraka ya mkurugenzi: ombeni mkataba wa muda mfupi wa kupokea ujazo mdogo msimu huu mmoja, usio na neno lolote kuhusu ardhi. Sisi tumeshawahi kumpa jirani wa namna hiyo. Kama kweli wana nafasi, hawana sababu ya kukataa.