Toledo kwa siku moja wakati wa baridi

Habari zenu wanajumuiya. Watu watano, mmoja ni mama mtu mzima asiyeweza mlima, wanataka kutoka Madrid kwenda Toledo na kurudi siku hiyohiyo, mwishoni mwa Desemba. Treni au basi? Na waanzie wapi?

*

Salama ndugu. Treni ya kasi ya Avant kutoka stesheni ya Atocha, Madrid: dakika 33 hivi. Basi, linaloondokea kituo cha Plaza Elíptica hapo Madrid, hula saa nzima au zaidi. Kateni tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, siku kadhaa kabla. Wengi hukata ya kwenda tu wakidhani ya kurudi wataipata palepale stesheni. Lakini kila abiria ana kiti chake, hakuna kusimama, na wikiendi treni za jioni hujaa. Ukikosa, umebaki na basi. Atocha mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo fikeni nusu saa kabla, kila mtu na pasipoti au kadi yake ya ukaazi.

Epukeni Jumatatu, Sinagoga del Tránsito (sinagogi ya kale, sasa makumbusho) hufungwa. Jumapili nayo hufunga saa 9 alasiri. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari milango mingi haifunguliwi.

Kuhusu mama: mji umekaa juu ya jabali, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na stesheni iko chini, ng'ambo ya mto. Msimpandishe kwa miguu kupitia Daraja la Alcántara. Teksi iwafikishe Plaza de Zocodover, uwanja mkuu wa mji (teksi ya kawaida hubeba wanne, ombeni kubwa). Kutoka hapo nendeni Kanisa Kuu, kisha kanisa la Santo Tomé kwenye mchoro wa mchoraji El Greco wa mazishi ya Conde de Orgaz, mmalizie Tránsito. Kwa jumla mnateremka. Kurudi juu ndiko kugumu, hapo iteni teksi tena.

*

Naongezea. Msiache msikiti wa Bab al-Mardum, siku hizi Cristo de la Luz, chini kidogo ya Zocodover. Ni mdogo, kama mita 8 kwa 8, lakini una kuba tisa na hakuna inayofanana na mwenzake. Simameni nje kwanza mtazame juu ya ukuta: maandishi ya Kiarabu yamepangwa kwa matofali yenyewe, yakitaja mwaka 390 wa Hijria, yaani 999.

Chakula: jikoni nyingi huanza saa 7 na nusu mchana, kabla ya hapo mtapata vitafunio tu. Carcamusas, chakula cha Toledo, ni nyama ya nguruwe. Wasiokula waseme "sin cerdo" (bila nguruwe), na pisto ya mboga ni salama wakihakikisha haina ham. Angalieni sana vitamutamu vya Krismasi: mantecados na polvorones hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Marzipani ya Toledo ni lozi na sukari, lozi zisizopungua nusu. Hiyo ndiyo ya kubeba nyumbani.

Asubuhi baridi hukaribia nyuzi 0, ukungu wa mto hufunika kila kitu, na mawe ya vichochoro huteleza. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno. Ndani ya Kanisa Kuu msivue makoti, mawe yale yana baridi yake.

Mirador del Valle, mahali pa kutazamia mji mzima kutoka ng'ambo ya mto, iwekeni mwisho, si asubuhi. Jua huzama kabla ya saa 12, hivyo saa 10 na nusu muwe ndani ya teksi, na mwambieni dereva awasubiri: pale juu teksi za kupita ni chache.