Tumbawe la marehemu baba: niibandue lebo ya Favia?

Mchongamawe
Wakuu, salaam. Marehemu baba alichonga mawe ya kujengea hapa Kilifi zaidi ya miaka thelathini. Kila jiwe lenye "maua" ndani alikuja nalo nyumbani, na mwalimu mmoja akamsaidia kuyaandikia majina. Alilolipenda kuliko yote lina vikombe vya duara, kama vifungo vya shati, na lebo yake inasema Favia. Sasa binti yangu aliye chuo ananiambia jina hilo halitumiki tena kwa matumbawe ya huku, niandike Dipsastraea. Baba alikosea?

Kisukuku
Hakukosea, ndivyo yalivyoitwa wakati ule. Mwaka 2004 vinasaba vya matumbawe yaliyo hai vilionyesha kwamba ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, yaliyowekwa pamoja kwa kufanana sura, si ndugu wa karibu. Mwaka 2012 jina Favia likaachiwa ya Atlantiki, ya kwetu yakawa Dipsastraea. Jiwe halina vinasaba, linafuata jamaa zake walio hai. Hebu tazama: kila kikombe kina ukuta wake, au majirani wanashiriki mmoja?

Mchongamawe
Nimelilowesha nikalitoa juani. Kila kimoja kina wake, katikati kuna kijifereji.

Kisukuku
Basi si Favites, tumbawe jingine linalofanana nalo, maana hiyo vikombe vyake hushiriki ukuta. Dipsastraea inakaa, ila jina la spishi usiliandike. Miamba hiyo ya pwani ina miaka kama 125,000. Maji ya mvua huyeyusha mifupa ya matumbawe na kuijaza madini mengine, na vile vijinyuzi vya ndani ya kuta tunavyovitegemea kutofautisha hupotea.

Bi Makumbusho
Kaka, nakuomba usibandue kitu. Weka karatasi ya pili chini yake: jina jipya, tarehe, nani kaamua. Majina yatabadilika tena. Chaetetes, kisukuku kingine, ilihesabiwa tumbawe miaka mingi, mpaka jamaa zake walio hai walipoonekana kwenye mapango ya miamba baharini, kumbe ni sifongo! Anayetaka kulichunguza upya jiwe huuliza kwanza limetoka wapi. Unajua shimo lenyewe, na kina?

Mchongamawe
Dada, nimeligeuza sasa hivi. Nyuma kuna penseli ya baba: "shimo la mashariki, futi 9". Miaka yote nilidhani ni hesabu ya malipo yake.