Nimeacha Usabato, lakini moyo unakataa mwanangu abatizwe akiwa mchanga. Naombeni ushauri

Mpare wa Tabata

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaloninyima usingizi, naomba mnisome kwa utulivu.

Nimezaliwa na kukulia Same, milimani, kwenye familia ya Kisabato tangu enzi za babu. Kwa wasiojua, Usabato uliingia nchini kupitia huko kwetu Upare mwaka 1903, wamisionari wa Kijerumani walipofungua kituo chao cha kwanza. Kwetu dini na ukoo ni kitu kimoja. Ijumaa ni siku ya maandalio: kuni, maji, nguo za kanisani, chakula cha kesho, vyote viwe tayari kabla jua halijazama. Likizama, redio inazimwa. Asubuhi mama anakuuliza fungu la kukariri na unalitaja bila kusita.

Nilipokuja Dar kusoma chuo nikaanza kuuliza maswali, majibu hayakunitosha, nikaacha taratibu. Sasa siendi kanisa lolote wala sisali. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini na Jumamosi nipo kazini kama wengine. Lakini giza la Ijumaa likinikuta kwenye foleni Buguruni, mkono unazima muziki kabla sijafikiri. Kitimoto sijawahi kuonja. Siioni kuwa dhambi, ila mwili unakataa, na kambale hivyo hivyo. Hayo nimeyazoea, hayamsumbui mtu.

Shida ni hii. Mke wangu ni Mkatoliki, ndoa tulifunga parokiani kwao. Tuna binti wa miezi minne na ubatizo umekaribia. Jumuiya imeshatoa barua, mama wa ubatizo kapatikana. Nami nimegoma. Kila nikijaribu kunyamaza nasikia fungu la Marko 16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka." Kwanza uamini, ndipo uzamishwe. Huyu hata jina lake halijui, ataamini nini? Mke wangu akaniuliza: "Wewe huamini chochote, sasa unamtetea nani?" Nikakosa jibu. Na mama anakuja mwezi ujao kumwona mjukuu.

Je, niruhusu tu? Au nina haki ya kukataa kwa imani ambayo sinayo?

Shangazi wa Mbagala

Pole sana mwanangu. Mkeo kauliza swali la haki, usilikimbie. Mimi nakuuliza la pili: kama mama yako asingekuwa anakuja, ungegoma? Jijibu mwenyewe kwanza, sisi baadaye.

Kijana wa Gerezani

Kaka, mimi nimelelewa madrasa na swala niliacha miaka mingi. Mke wangu alipojifungua, nilimpokea mtoto nikamwadhinia sikioni, sauti ikanitetemeka. Sikupanga. Marehemu baba alinifanyia hivyo na alipenda kunisimulia. Mpaka leo msahafu nyumbani kwangu hauwekewi kitabu juu yake, na mtoto akiugua usiku Ayatul Kursi, ile aya ya Kurani ya kuomba ulinzi, inatoka yenyewe mdomoni.

Nilichojifunza ni kwamba mambo haya yaliingia kabla ya akili kuanza kupima, na kwa hoja hayatoki. Usijilaumu kwa kuwa nayo. Ila kumwekea mwenzio sheria kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukifuati, hapo utamwonea.

Katekista Mstaafu

Amani kwako. Niseme utaratibu, maana wengi hawaujui. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 868, mtoto mchanga hubatizwa mzazi mmoja angalau akiridhia, na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Kwa hiyo kugoma kwako peke yake hakuzuii. Pia, mlipofunga ndoa ya mseto mkeo aliahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, nawe ulipaswa kujulishwa ahadi hiyo. Leo anaitimiza, hajakugeuka.

Lakini sikushauri ukae nyumbani siku hiyo umenuna. Nendeni kwa paroko wote wawili, umweleze kama ulivyotueleza hapa.

Mwana wa Mara

Mimi bado Msabato, na hili naliandika kwa uchungu. Unasema mtoto asubiri mpaka aelewe. Mimi nilizamishwa na miaka kumi na moja, kwenye makambi ya kanisa, darasa zima siku moja. Mchungaji aliita, wenzangu wakasimama, wazazi wanatazama. Nani angebaki amekaa? Naipenda imani yangu, lakini kusema siku ile nilichagua, hapana. Mkuu, wewe ulichagua?

Mpare wa Tabata

Mwana wa Mara, swali lako nimelala nalo. Nilibatizwa mtoni nikiwa na umri kama wako. Niliulizwa maswali mbele ya kanisa na yote nikajibu "ndiyo", kwa sababu jibu jingine halikuwepo.

Hata hivyo, niliulizwa. Nilikaa darasa la ubatizo mwaka mzima nikiambiwa imani ya mama haitaniokoa, lazima iwe yangu. Nililichukua neno hilo kwa uzito kuliko walivyotarajia, na ndilo lililonitoa kanisani nilipoona imani si yangu. Shangazi, nimejijibu: ningegoma hata mama asingekuja. Kwa hiyo naona simtetei mama wala Usabato. Ninachotaka ni binti yangu naye aulizwe siku moja, na akisema hapana asikilizwe. Hilo naliamini kabisa, hata kama nimelipata kanisani.

Ahadi ya mke wangu niliijua na sikuipinga.

Katekista Mstaafu

Sasa umesema jambo linalozungumzika. Kwetu kuna Kipaimara, ambapo mwenye umri wa kufahamu hurudia ahadi za ubatizo kwa kinywa chake. Nimefundisha madarasa hayo muda mrefu na kasoro naijua: watoto wengi wanakuja kwa sababu wenzao wanakuja. Kubalianeni leo, wewe na mkeo, kwamba wenu hatasukumwa. Hilo liko mikononi mwa wazazi.

Shangazi wa Mbagala

Na mama yako umwambie wewe, kwa simu, kabla hajapanda basi. Asije akakikuta cheti cha ubatizo ukutani. Usimwachie mkeo mzigo huo, atachukiwa bure. Atalia, mwache alie, usianze kumjibu kwa mafungu.

Mpare wa Tabata

Nimemwonyesha mke wangu uzi wote. Amesoma mpaka mwisho, akasema la Kipaimara analikubali, ila nami nihudhurie semina ya wazazi badala ya kumwacha akae peke yake kati ya wenye waume zao. Nimekubali. Kwa paroko tunakwenda wiki ijayo. Mama nitampigia mwenyewe baada ya hapo. Shangazi, akikataa kuja kabisa nitarudi hapa kukuuliza.