Santuri za marehemu baba: naomba ushauri wa kuziingiza kwenye kompyuta

BintiChumbageni
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba ametuachia kabati zima la santuri hapa Tanga. Nyingi ni zile ndogo za kasi ya 45 (mizunguko kwa dakika): Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star na Lucky Star, na nyingine za bendi za Nairobi. Chini kabisa kuna chache nzito za 78. Baadhi zimeshaota madoa meupe ya ukungu, na kwa hewa hii ya bahari naogopa kuchelewa. Mama anataka kuzisikiliza kwenye simu.

Nina laptopu ya kawaida na pleya mpya ya sanduku, ile yenye spika zake ndani. Kuna kijana mtaani amesema atazisugua kwa spiriti, kisha atavuta waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la maiki la laptopu, kazi imeisha. Moyo umesita. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

FundiMitambo
Dada, pole sana kwa msiba. Huyo kijana mzuie leo hii. Hizo za 78 si plastiki, ni shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Ukifuta uchafu umefuta na sauti.

Tumia maji ya betri yale yasiyo na asidi (soma chupa vizuri, maana asidi nayo inauzwa duka hilohilo), tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usiikate. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, kisha isimamishe kivulini ikauke kabisa.

Pleya ya sanduku iweke pembeni. Nyingi za aina hiyo zina mkono mzito usiorekebishika, na kila ukipiga santuri sindano inazidi kuchimba. Mkono mzuri unaegemea gramu 2 hivi. Azima au tafuta mashine inayorekebishika. Audio-Technica LP120 ina kasi zote tatu (33, 45 na 78) na ina USB yake. Ukipata ya zamani isiyo na USB, ongeza kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, Behringer UFO202, na uweke swichi yake kwenye Phono. Swichi hiyo usiisahau: santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimepandishwa, lazima kiwepo kitu cha kuzirudisha mahali pake. Bila hivyo utapata muziki mwembamba, gitaa la besi hulisikii. Tundu la maiki achana nalo kabisa, kwenye laptopu nyingi linapokea upande mmoja tu na linapasua sauti. Ukisikia mngurumo, funga waya wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya kisanduku.

MpenziWaDansi
Mkuu hapo juu kamaliza upande wa vyuma. Kwa programu, Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa biti 24 kama kifaa chako kinafika, vilele vya sauti visipite -6 dB. Ukichagua 96 kHz kwenye kifaa kinachoifikia, faili ya WAV itakula kama MB 35 kwa dakika, kwa hiyo nunua diski ya nje mapema. Faili ghafi usiiguse tena; ihifadhi kwa FLAC (inabana faili bila kupoteza sauti), halafu toa nakala za MP3 kwa ajili ya simu ya mama.

Anza kurekodi sekunde chache kabla muziki haujaingia. Ule mkwaruzo mtupu ndio programu inautumia kuijua kelele na kuipunguza. Na nyimbo nyingi za dansi za 45 zimegawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili, magitaa yanapochangamka. Mimi huziunganisha.

MzeeWaTaarabu
Mwanangu, kuunganisha sawa, lakini kwenye nakala tu. Na hiyo ya kupunguza kelele naipinga kwa taarabu. Inakula mkia wa fidla na mlio wa kanuni (ala ya nyuzi), waimbaji wanabaki kama wako ndani ya pipa. Ondoa milipuko mikubwa mmojammoja kwa mkono, mkwaruzo mdogo uache. Kama santuri ni ya mono (sauti ileile pande zote mbili), sikiliza upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake. Mara nyingi ukuta mmoja wa mfereji umechakaa kuliko mwenzake. Chukua ulio mzima.

Zile za 78 zinataka sindano yake, pana, inchi 0.003 hivi. Ya 45 haifiki hata inchi 0.001, itazama na kukwangua chini ya mfereji. Kwa LP120 za sasa ipo sindano ya AT-VMN95SP, unachomoa ile unachomeka hii. Usizidharau hizo za chini ya kabati. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na nakala za zama hizo ni adimu mno.

BintiChumbageni
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Kaka Fundi, ipo ya 45 imepinda, sindano inaruka. Niianike kidogo juani ilainike?

FundiMitambo
Jua hapana, itaharibika zaidi. Ibane kati ya vioo viwili safi, weka vitabu juu, iache wiki kadhaa ndani ya nyumba. Ya 78 usijaribu kuikandamiza, itavunjika.

MzeeWaTaarabu
Marahaba. Piga picha lebo ya kila santuri pande zote mbili, pamoja na namba zilizochorwa karibu na karatasi, na jina la faili libebe namba hizo. Kuzitundika YouTube usikimbilie, ulizia COSOTA (taasisi ya hakimiliki) kwanza, watunzi na wapigaji wana haki zao. Ila lebo za Lucky Star tuwekee hapa, huenda wapo watakaokutajia waimbaji.