Tupeane uzoefu: kufufua malori ya pua uani nyumbani, vipimo na makosa

Pua Ndefu

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wanaofufua nyumbani malori ya pua, yaani yale yenye injini mbele ya kebini: Bedford TJ, gari lililoanza kutoka kiwandani 1958, na Mercedes 911 na 1113 zenye injini ya OM352. Kupaka rangi kila mtu anajua. Kinachokosekana ni vipimo, na kwa kukosa vipimo watu wanaua injini nzima na wengine wanaumia. Kila mmoja aandike sehemu anayoifahamu kwa mikono: kifaa gani, kipimo gani, kinaharibika nini na kwa sababu gani.

Naanza na injini iliyolala miaka. Usiguse starta, wala usilivute lori likiwa kwenye gia. Pistoni ikishikwa na kutu, nguvu hiyo yote inaishia kwenye ringi na konrodi (mkono wa pistoni). Toa nozeli zote sita (vipulizia dizeli), mimina kila silinda kama mililita 50 za ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, ziba matundu kwa kitambaa safi, acha siku tatu hadi wiki. Mchanganyiko huo unashika moto upesi, kwa hiyo grainda na sigara vikae mbali. Baadaye fungua starta, utayaona meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Tikisa kwa mtarimbo mfupi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Unachotafuta ni ile milimita tano ya kwanza. Ikipatikana, zilizobaki zinafuata.

Ikishalegea, izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili nozeli zikiwa bado nje. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanarudisha nozeli huku kimiminika kimebaki juu ya pistoni. Maji na mafuta havibanwi kama hewa, kwa hiyo ukipiga starta konrodi inapinda. Wakati wa kuzungusha, mwenzako aangalie vali moja moja. Iliyokwama chini itagongwa na pistoni.

Tepeti (nafasi za vali) za OM352, injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.20 mm, za kutolea moshi 0.30 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, hivyo silinda zinakwenda jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Vali za 6 zikiwa zinapokezana, moja inafunga na nyingine inafungua, rekebisha za 1. Kisha endelea kwa mpangilio huohuo.

Unaporudisha nozeli weka washa (pete) mpya za shaba, na mulika tochi ndani ya tundu kwanza. Washa ya zamani mara nyingi inabaki chini. Zikikaa mbili, nozeli inanyanyuka, mpulizo wa dizeli unakosa bakuli la pistoni, na gari linatoa moshi mweusi bila nguvu. Watu huishia kulaumu pampu.

Nozeli Sita

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza upande wa dizeli, maana injini ikishazunguka watu wanakimbilia kuwasha, na hapo pana hatari ambayo haisemwi sana.

Ndani ya pampu ya Bosch ya mstari kuna reki, fimbo yenye meno inayosogea kuongeza na kupunguza dizeli. Gari likilala, dizeli ya zamani inageuka gundi na reki inakwama ilipo. Ikiwa imekwama kwenye mafuta mengi, injini ikiwaka inapanda mizunguko mpaka ivunjike, na kuvuta kamba ya kuzimia hakusaidii, kwa sababu kamba hiyo inavuta reki hiyohiyo. Kwa hiyo fungua kifuniko cha pembeni cha pampu, sogeza reki kwa kidole. Iende na kurudi bila kukwaruza. Ikikataa, jaza dizeli safi iliyochanganywa na oili kidogo, acha usiku mzima, jaribu tena kwa upole. Usipige nyundo.

Pampu za zamani zenye gavana ya upepo (kidhibiti mwendo wa injini) zina ngozi ya duara nyuma, yaani diaframu. Springi inasukuma reki kwenye mafuta mengi, na mvuto wa hewa kutoka bomba la kuingiza ndio unaoirudisha. Ngozi ikipasuka au kukauka mvuto unapotea na springi inashinda. Jaribio lake ni rahisi: sukuma reki upande wa kuzima, ziba mdomo wa gavana kwa kidole gumba, achia. Reki ikae ilipo au irudi polepole sana. Ikiruka papo hapo, ngozi imekwisha.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, mtu mmoja asimame kwenye mdomo wa hewa akiwa na ubao mpana uliofunikwa mpira. Injini ikikimbia, ziba. Usizibe kwa kiganja wala kitambaa. Mvuto wake utakudhuru, na kitambaa kitamezwa.

Kutoa hewa: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Hamia skrubu ya pampu, fanya vilevile. Mwisho legeza nati za mabomba upande wa nozeli nusu mzunguko, piga starta isizidi sekunde 15, ipumzishe dakika mbili. Dizeli ikitoka safi kaza moja moja. OM352 inachoma moja kwa moja, haina plagi za kupasha, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Mbeya au Iringa isipowaka angalia mgandamizo wa silinda na kasi ya starta.

Tangi usilifue kwa petroli. Changarawe kavu kilo mbili na dizeli lita tano, funga, libingirishe uani, mwaga, rudia.

Kinyozi wa Chuma

Kwa injini iliyolala, hiyo asetoni ni lazima? Dizeli na oili chafu haitoshi?

Pua Ndefu

Inatosha kama kutu ni kidogo, ila ichukulie wiki mbili au tatu, si siku tatu. Oili nzito haipenyi kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kazi ya asetoni ni kuifanya iwe nyepesi ipenye, baadaye yenyewe inapeperuka.

Mama Spana

Ninaandika kuhusu matairi peke yake, na naomba kila anayepita hapa asome mpaka mwisho, hata kama lake analifufua kwa ajili ya maonyesho tu.

Malori haya yana rimu za vipande: rimu yenyewe, ukingo, na loki-ringi inayoshika vyote. Tairi ya 9.00-20 yenye upepo ikiachia loki-ringi, ile ringi inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Kabla hujalegeza hata nati moja, fungua kisindano cha ndani ya mdomo wa tyubu na utoe upepo wote. Kwenye matairi pacha toa kwenye yote mawili, ya nje na ya ndani. Pitisha waya mwembamba kwenye mdomo uhakikishe kutu haijauziba, maana upepo unaweza kubaki ndani huku wewe unaamini umetoka.

Unaporudisha, safisha mfereji wa ringi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ringi yenye ufa, iliyopinda, au iliyokuja na rimu nyingine, itupe. Zinafanana kwa macho lakini mteremko wake si mmoja, na ringi ya kampuni moja kwenye rimu ya nyingine inakaa kwa ncha tu. Weka upepo kidogo tu wa kukalisha tairi, simama, kagua ringi imezama sawasawa pande zote. Kisha peleka tairi ndani ya kizimba cha vyuma, shika mdomo kwa klipu inayojibana yenyewe, mpira wa upepo uwe mita tatu au zaidi, na wewe kaa pembeni, kamwe si mbele ya ringi. Ringi ikikaa vibaya, toa upepo wote uanze upya. Kuigonga nyundo ikiwa na upepo ndiko kunakomaliza vijana kwenye vibanda vya pancha.

Na usichomelee rimu yenye tairi, hata ikiwa haina upepo. Joto linaozesha mpira kwa ndani, gesi inajaa, inalipuka.

Jambo la mwisho: Bedford na Waingereza wengi wa zama hizo wana nati za mkono wa kushoto upande wa kushoto wa gari. Tazama herufi L kwenye kichwa cha studi. Ukiona nati inakaza kila unapolegeza, acha, soma studi kwanza kabla ya kuongeza bomba kwenye spana.

Dramu Kavu

Asante Mama, hilo lilipaswa kusemwa la kwanza. Breki sasa.

Lainingi za zamani zina asbesto. Usipulize dramu kwa kompresa. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa. Unapopiga ribiti lainingi mpya kwenye brekishuu, anza katikati ukielekea kwenye ncha. Ukianza kwenye ncha, katikati kunabaki kumeinuka, breki inapiga kelele na inashika kwa mstari mmoja.

Silinda ndogo za matairi zikiwa na vishimo vya kutu, msasa hautoshi. Raba mpya italiwa ndani ya miezi. Peleka kwa fundi wa mashine aingize bomba la stenlesi, kisha weka raba mpya. Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4. Tone la oili ya injini au dizeli kwenye chombo cha kumiminia linavimbisha raba zote, na breki zinabaki zimekamata. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo.

Mabomba: skrubu ya M10×1 na ile ya inchi 3/8 ya Kiingereza zinafanana sana, na zitaingia mizunguko miwili kabla ya kukataa. Ikikataa kwa vidole, si yake. Usitumie shaba tupu, inachoka kwa mtikisiko na kupasuka. Tumia chuma au mchanganyiko wa shaba na nikeli, mdomo ukunjwe mara mbili.

Anayebadilisha ekseli ya nyuma akaweka ya kisasa yenye breki za springi: usifungue kamwe ukanda unaobana makopo ya breki hizo. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno. Ifunge kwanza kwa bolti yake ndefu, na kopo bovu libadilishwe zima.

Ribiti Nane

Chasisi. Tafuta kutu kati ya vyuma viwili vilivyolaliana. Kutu ikivimba inasukuma vyuma hivyo mpaka ribiti zinakatika. Saga kichwa cha ribiti, toboa kiini, itoe kwa nyundo na panchi. Moto wa gesi unalainisha chasisi, uache. Badala yake weka bolti ya daraja la 10.9 yenye shingo laini inayojaza tundu lililosawazishwa kwa rima (kifaa cha kusawazisha matundu). Nyuzi za bolti zisikae mahali vyuma viwili vinapokutana. Toa mtambao mmoja (chuma kinachokatisha chasisi), rudisha, ndipo uende wa pili. Ukitoa yote chasisi inalala upande. Pima mshazari kona hadi kona. Tofauti isizidi milimita 5.

Usitoboe wala kuchomelea midomo ya juu na ya chini, ndiyo inayobeba uzito. Kazi ifanyike kwenye ubavu.

Bodi la mbao linakaa juu ya magogo mawili marefu ya mkongo au mninga. Ncha ya mbele ya gogo ichongwe mteremko wa sentimita 30 hivi. Likiishia wima, mzigo wote unaangukia mstari mmoja nyuma ya kebini na chasisi inapasuka hapo hapo. Yubolti za springi zisitumike mara ya pili, na zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza.

Waya Mwekundu

Umeme kwa kifupi. Malori ya Kiingereza ya zamani mengi yana chanya kwenye bodi. Angalia betri kabla ya kununua oltaneta (jenereta ya kisasa), kwa sababu daiodi zake zinaungua papo hapo zikipewa kinyume. Ukibaki na dainamo (jenereta ya zamani) na kugeuza betri, gusisha waya wenye umeme kwenye kiungio cha F cha dainamo kwa sekunde moja kabla ya kufunga, ili ipokee upande mpya. Waya wa starta usipungue milimita za mraba 50, na uweke waya mnene kutoka injini hadi chasisi. Bila huo, umeme wa starta unapitia kamba ya klachi na kuichoma.

Puti na Praima

Rangi za zamani zina risasi (madini yenye sumu). Msasa wa maji tu, watoto wasicheze uani siku hiyo, na vumbi lililokauka lisifagiliwe. Ukikaa Tanga au Mombasa, chuma kilichosafishwa asubuhi kinashika kutu usiku, kwa hiyo safisha kile tu utakachopaka praima ya epoksi kabla ya jua kuzama. Puti haikai juu ya kutu. Viungo vizibwe baada ya praima, kabla ya rangi.

Gia Ndogo

Wanaotaka kubadilisha: injini ya Fuso 6D16 ndiyo inayopatikana kirahisi kuingiza kwenye pua ya Bedford. Sampu (karai ya oili) inagonga ekseli ya mbele, umeme wake ni volti 24 huku Bedford ni 12, na msukumo wake ni mkubwa kuliko giaboksi ya zamani, hivyo chukua injini na giaboksi yake pamoja. Propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma): kona ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, na masikio ya joint mbili yapange mstari mmoja, yakipishana gari linatetemeka kuanzia 50. Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, kabla ya kutoka barabarani.

Kuhusu difu (gia za ekseli ya nyuma), piga hesabu kabla ya kununua. Tairi ya 9.00-20 inatembea kama mita 3.15 kwa mzunguko. Injini ikiwa mizunguko 2,800 kwa dakika, gia ya mwisho ikiwa moja kwa moja, difu ya 6.17 inatoa kilomita 86 kwa saa, ya 4.86 inatoa 109. Kikomo cha malori ni 80. Hiyo 4.86 inakupa utulivu wa injini kwenye tambarare, lakini mlima Kitonga utapanda gia moja chini na utashuka ukitegemea breki za dramu za miaka ya sitini.

Kinyozi wa Chuma

Gia Ndogo, nikiweka turbo kwenye OM352 ya kawaida badala ya kubadilisha injini?

Gia Ndogo

Pistoni zake hazikuundwa kwa joto hilo. Ukitaka lazima, weka kipima joto kwenye manifoldi kabla ya turbo, mguu utoke ikifika nyuzi 650, usiongeze dizeli kwenye pampu, na uweke kipoza oili. Ukipanda mlima na ukazima ghafla, oili inaungua ndani ya beringi za turbo. Iache ingurume dakika tatu kwanza.