Fundi kala laki na themanini yangu, vibao vya pinboli bado vimesimama!

Wakuu, leo salamu zitakuwa fupi, nina hasira.

Nina banda la michezo huku Kwa Mrombo, Arusha. Meza mbili za puli na mashine moja kuukuu ya pinboli ya Kimarekani, ile ya kupiga gololi ya chuma. Ina vibao vitatu vya plastiki vimejipanga safu moja. Gololi ikigonga kibao kinazama, ukivimaliza vyote unapata bonasi na mashine inavinyanyua tena. Mwezi wa kumi na mbili cha katikati kikagoma. Gololi inakigonga kao! Kinatikisika, kinabaki palepale. Machalii wa bodaboda mnawajua, wakaanza kusema nimeifunga mashine iwale hela. Mmoja alikipiga kofi kioo, nikadhani kimepasuka.

Nikaita fundi mmoja wa hapa mjini. Jina naliacha. Akafungua, akapakaza grisi kama anapaka mkate siagi, akachukua elfu themanini. Siku nne vibao vikazama vizuri mno. Wiki ya pili vikagoma vyote vitatu! Vumbi la huku Januari si la kuuliza, na grisi ililibugia lote ikawa ugali mweusi.

Aliporudi hakuinua hata ubao wa kuchezea. Aliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari. "Bosi, kadi imekufa. Andaa laki tatu na nusu." Na mimi kwa ujinga wangu nikampa laki ya kutangulizia.

Kadi, ule ubao wa elektroniki? Vibao hivi vipo tangu 1962, kampuni ya Williams ilipoviweka kwenye mashine yake ya Vagabond, na mashine za enzi hizo hazikuwa na kadi ndani. Kwenye mashine kama yangu kibao kuanguka hakutaki umeme. Kina kijino kinachokaa juu ya ukingo wa chuma. Gololi ikikisukuma nyuma, kijino kinatoka ukingoni, springi inakivuta chini. Basi. Umeme kazi yake ni koili ya kuvinyanyua, na kunyanyua ilikuwa inanyanyua bila shida.

Jumapili nikafunga banda, nikachomoa waya, nikatoa gololi (ukiisahau ukainua ubao, itaporomoka ivunje plastiki zako), nikazama mwenyewe. Grisi niliing'oa kwa spiriti na mswaki wa zamani, saa mbili nzima nasugua uchafu niliolipia. Vibao viwili vikapona hapohapo. Pale plastiki inapokaa juu ya chuma panatakiwa pakavu, hapapakwi kitu!

Cha katikati ndicho kilichonitoa jasho. Ukingo wake umechimbika kijishimo pale kijino kinapokaa, nikaupitishia tupa ndogo, kidogo sana, maana ukizidisha kibao kinaanguka chenyewe hata mtu akiegemea mashine. Halafu nikagundua kituko: ukikipiga polepole kinaanguka, ukikipiga kwa nguvu kinagoma. Kumbe kinasukumwa nyuma, kinadunda, kijino kinarudi ukingoni kabla springi haijawahi kukivuta. Springi yenyewe imelegea, ukiilinganisha na za wenzake unaona kabisa. Nimebandika kipande cha sponji nyuma yake kipunguze kudunda. Sasa katika mapigo kumi kinagoma kama mara mbili.

Nikampigia fundi nimweleze kadi ni nzima, anirudishie laki yangu. Anajibu, "Bosi, umeshachokonoa, hapo dhamana hamna." Dhamana ipi, wakati hata risiti hakunipa?

Springi nimezunguka soko la Kilombero lote, hadi kwenye maduka ya spea za pikipiki, wananipa nene zinazong'ang'ania kibao hadi koili inashindwa kukinyanyua. Mwenye kujua zinapopatikana nyembamba, zenye ndoano pande zote mbili, aniandikie hapa, Moshi pia nafika.

Ya laki msihangaike. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nimekaa mlangoni kwake kabla hajafungua.